Maji ya Nyuma ya Taa

Tulimwita Ba. Ni neno la Wagujarati la mama, nao humwita hivyo mama yeyote aliyekula chumvi nyingi, kwa hiyo hata mimi mtu wa Tanga, nisiye na damu moja naye wala dini moja, sikuwa na jina jingine la kumwita. Alikaa ghorofa ya tisa katika jengo moja la Nechells, Birmingham, na mimi nilikuwa kea wake, yaani mtunzaji wa kulipwa, kwa karibu miaka minne, katika ile miaka ya elfu mbili na kitu. Asubuhi nilimwogesha na kumvisha, mchana nilirudi kumpa dawa na chakula. Wazee niliowatunza Birmingham ni wengi, na wengine nimesahau hata milango yao. Ba simsahau, kwa sababu nilimkosea, na nilipotaka kulitengeneza kosa langu nikamkosea zaidi.

Alivaa sari nyeupe, kama wajane wa kwao, na juu yake sweta la kijivu la marehemu mumewe, lenye kitobo cha cheche kwenye kiwiko. Mume alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuyeyushia chuma, huko huko Birmingham. Miguuni alivaa soksi za kiume na raba. Mikono yake ilikuwa mitupu, kwani siku mume alipofariki wanawake wenzake walimvunjia bangili zote, na tangu hapo hakuvaa nyingine. Nilipokuwa nikimsugua mgongo, aliushika mkono wake wa kushoto pale bangili zilipokuwa zikikaa, akawa anaupapasa tu.

Kiswahili chake kilikuwa cha nyuma ya kaunta. Chepesi, cha haraka, hakijali ngeli, lakini hakuna asichoweza kukisema nacho. Siku ya kwanza niliingia na Kiingereza changu cha semina, gudi moningi nyingi na tabasamu la kulazimisha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe mtu ya wapi?"

"Tanzania."

"Tanzania kubwa. Wapi?"

"Tanga mjini, mama."

Akanitazama kuanzia viatu hadi ushungi. "Mimi Korogwe," akasema. "Duka yetu iko karibu na stesheni. Mkonge bado iko?"

Nikamwambia mkonge upo, ila si kama zamani, mashamba mengi yameachwa. Akakunja uso kana kwamba mimi ndiye niliyeachiwa ufunguo wa mashamba hayo nikalala usingizi. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu. Aliniita Tanga. "Tanga amefika." "Tanga, maji iko moto sana, unapika mimi?"

Mwanawe aliyekaa Leicester alinionya kwamba mama akisema "kwetu" nimuulize ni kwetu ipi. Ilikuwa kweli. Kulikuwa na kwetu ya Gujarati, kijiji alikozaliwa, na kwetu ya Korogwe alikoletwa bibi harusi. Birmingham hakuiita kwetu hata siku moja, ingawa ndiko alikokaa miaka mingi kuliko kote. Birmingham aliiita "hapa".

Kwetu ya Gujarati alinisimulia wakati wa kumsuka nywele. Ndiyo saa aliyokuwa na subira. Alinieleza namna wanawake walivyosiliba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo, wakichora nusu duara kwa kiganja, na sakafu ikikauka inanukia majani. Alinieleza nyati wa maziwa aliyekuwa na jina, na kisima ambacho kila ukoo ulikuwa na saa yake ya kuteka, na wengine hawakuruhusiwa kukisogelea kabisa. Asubuhi watu walipiga mswaki kwa vijiti vya mwarobaini. Nikamwambia hata kwetu mwarobaini upo tele, tunauchemsha kwa homa. "Nani alileta?" akauliza, akacheka mpaka akakohoa.

Kisa chake nilichokipenda ni cha baba mkwe. Kwa desturi ya kwao mke wa mtoto hafunui uso mbele ya baba mkwe. Huvuta ncha ya sari mpaka kidevuni. Ba aliishi nyumba moja na mzee huyo pale Korogwe miaka kumi na mmoja, akampikia, akamfulia, na hakuwahi kumwona usoni. "Mimi namjua kwa miguu," alisema. "Kidole hii imepinda, kisigino hii imepasuka. Akikasirika, miguu yake nasikia." Mzee alipokufa wakamlaza sakafuni, naye kwa mara ya kwanza akamtazama. Akaona mtu mdogo, mwenye masikio makubwa. Aliniambia alilia sana, na watu walidhani analilia kifo.

Msidhani nilimpenda moja kwa moja. Palikuwa na jambo lililonipandisha mori kila siku kwa muda wa miaka miwili, nalo ni jiko. Jikoni sikuruhusiwa kuingia. Chakula alipika mwenyewe, akijishikilia kwenye kabati, mimi nimesimama kizingitini kama mgeni asiyealikwa. Nilikuwa namwosha mwili mzima, nambadilisha nguo alizochafua, namkata kucha za miguu. Lakini mtungi wake wa maji ya kunywa, wa shaba, uliofunikwa kwa kikombe kilichopinduliwa, sikuruhusiwa hata kuugusa kwa kidole. Anayekula nyama asiguse maji yao. Aliniambia hivyo bila ubaya, kama mtu anavyokuambia leo kuna baridi.

Na kuna siku alinisimulia, akicheka, kwamba yaya wao Korogwe alikuwa na kikombe chake cha bati kilichotundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa nyuma. Mama yangu mzazi alifua nguo miaka tisa katika nyumba kama hiyo, Tanga, barabara ya tatu kutoka kwetu. Kikombe chake kilikuwa cha kijani. Nikamaliza kumfunga viatu, nikashuka kwa ngazi ghorofa zote tisa maana sikutaka kusimama kungoja lifti mbele ya mlango wake. Nilifika Castle Vale, nilikokuwa nakaa, bado moyo unachemka. Kesho yake alinipa embe la achari kwenye karatasi, la kupeleka nyumbani, akasema yule yaya ndiye aliyemzalisha yeye, usiku wa mvua alipojifungua mtoto wake, na kwamba hajui kama alipata kumshukuru. Huyo ndiye Ba. Ukishaamua kumchukia, anakuharibia.

Jiko lenyewe lilikuwa na hekalu. Kabati la juu kushoto, ambalo wengine wangeweka sahani, yeye aliweka miungu yake, picha ya mumewe yenye shada la maua ya plastiki, na taa ndogo ya samli. Taa hiyo aliiwasha kila asubuhi, na kifaa cha kugundua moshi kwenye dari ya korido, nje ya jiko, kililia kila asubuhi, mpaka akakivisha kofia ya plastiki ya kuogea. Akija mkaguzi wa jengo, nilikuwa naiondoa, na akishaondoka naivisha tena. Dirishani palikuwa na chungu cha mrehani wao mtakatifu, tulsi. Siku za baridi aliufunga kwa skafu na kuusogeza karibu na hita. Ulikuwa mmea mwembamba, wenye majani machache yaliyokunjamana, lakini hakukubali ufe.

Siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi wao alifunga, hali nafaka yoyote, anakula tunda na karanga. Kampuni iliyonituma kwake ilikuwa na fomu, na katika fomu hiyo hapakuwa na neno la kufunga. Palikuwa na "amekula" na "amekataa". Mwezi wa kwanza nikaandika amekataa, mara mbili, na daktari akaja juu mbio kumwuliza kama amechoka kuishi. Ba akanitazama kwa mshangao. "Tanga, wewe hufungi Ramadhani?" Niliona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza kusahau nilichokijua kwa sababu ya karatasi za kazini, na ningekuwa na akili ningejifunza hapo.

Mwaka wa tatu mikono yake ilianza kutetemeka. Alimwagikiwa mafuta ya moto, kidogo tu, kwenye kifundo cha mkono. Jumatatu iliyofuata nilisimama kizingitini kama kawaida. Alikuwa amekaa kwenye stuli katikati ya jiko, mkono umefungwa bandeji.

"Ingia," akasema. "Vua viatu. Nawa."

Nikanawa mara tatu ili aone. Akanionyesha kopo la viungo lenye vikopo saba ndani yake, akanionyesha unga uko wapi, na mwisho, bila kunitazama, akasema, "Na mtungi, jaza wewe." Nilijaza. Nilijisikia nimekabidhiwa kitu kikubwa kuliko mtungi.

Sasa sikilizeni nilichofanya katika wiki hiyo hiyo. Jumamosi Ba alikuwa amelala chumbani, nami nikaamua kulisafisha jiko lake kama ambavyo halijapata kusafishwa kwa miaka. Semina ya usafi ilikuwa imetufundisha kwamba kila kilichomo jikoni kwa mzee lazima kiwe na lebo na tarehe, na kisicho na tarehe kinatupwa, maana wazee hawakumbuki. Nilitupa dengu zilizoingia wadudu. Nilitupa samli iliyochacha. Nikafika kwenye kabati la juu kushoto, nikafuta masizi, na nyuma ya taa nikakuta chupa ya plastiki, ile ya sharubati, imebanduliwa karatasi yake. Ndani mna maji kiasi cha nusu, na chini yamekaa mashapo kama udongo. Nikafungua, nikanusa. Yalinuka matope. Nikayamwaga kwenye sinki, nikafungulia bomba yaende, nikaiosha chupa kwa sabuni na kuiweka kwenye kichanja ikauke.

Kwetu Tanga, juu ya kabati la nguo la mama, palikuwa na chupa ya plastiki isiyo na lebo. Ilikuwa ya zamzam, aliyoletewa na jirani aliyekwenda kuhiji. Hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Mimi niliyekulia chini ya chupa ile ndiye niliyefungua ya mwenzangu nikanusa.

Saa nane mchana Ba aliniita kutoka chumbani, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Alikuwa amepita jikoni akielekea chooni, wakati mimi nimeteremka kutupa taka.

"Tanga. Nyuma ya taa. Chupa yangu iko wapi?"

Sikujua ni chupa ya nini, ila sauti ilinitosha. Nikaogopa. Niliogopa kupigiwa simu kampuni, niliogopa kazi, niliogopa kibali changu cha kukaa nchini, na zaidi ya yote niliogopa arudi kuniambia nisimame kizingitini. Nikasema, "Nimeitoa kufuta vumbi, Ba, naleta." Nikaichukua kichanjani, nikaijaza nusu kwa maji ya bomba, nikampelekea.

Akaipokea kwa mikono miwili, akaikumbatia juu ya sweta la mumewe. Ndipo aliponieleza. Mume alipochomwa, kama mila yao ilivyo, shemeji yake alipeleka majivu India, kwenye mto Ganga. Aliyamwaga majivu, na pale pale yalipozama akachota maji kwa chupa aliyokuwa nayo, akamletea mjane. Mtu wa kwao akiwa anakata roho hutiwa mdomoni maji ya mto ule na jani la tulsi, ndiyo safari yake. Kila nyumba ina maji hayo. Lakini ya Ba yalikuwa na zaidi.

"Mimi India siendi tena," alisema. "Miguu haitaki. Na mimi nikifa, kijana yangu atanimwaga mto ya huku. Sawa, hana wakati. Lakini hii iko mzee yangu ndani. Hii nitakunywa, mimi na yeye tutakuwa mto moja."

Akaiinua dhidi ya dirisha. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho.

"Angalia," akasema. "Imetulia. Safi."

Nikasema, "Ndiyo, Ba."

Nimejiuliza mara nyingi kama niliyamwaga kwa hasira, kwa ajili ya kile kikombe cha kijani. Naapa sikuyamwaga kwa hasira. Lakini naona nilikuwa na haraka, na haraka ya kutupa vitu vya mtu haitoki hewani. Zaidi ya mwaka nilikaa na jambo hilo. Niliwasha taa yake kila asubuhi, nikiona chupa nyuma yake, maji meupe pe. Kuna wakati niliwaza nitie zamzam niliyokuwa nayo nyumbani, angalau yawe maji yenye heshima. Nikaona nitakuwa nimedanganya dini mbili kwa mpigo mmoja, nikaacha. Na yeye alizidi kuniamini. Alinifundisha kusukuma chapati nyembamba mpaka iumuke, akawaambia wageni wake Wagujarati mbele yangu kwamba Tanga anapika kuliko mkaza mwana wake. Wageni walicheka. Mimi nilitazama sakafu.

Kisha mama yangu akafa Tanga, nami nikashindwa kwenda. Dada yangu aliniambia kwenye simu kwamba walimtia zamzam kwa kijiko, akameza, akatoa shahada, uso ukakunjuka. Nililia siku tatu, na katika kilio hicho nilimwona Ba. Moyo wake ulikuwa umeshachoka, daktari amekwisha sema, mwanawe amehamia pale sebuleni. Nikajiambia haitawezekana afe akinywa uongo wangu. Nikajiambia huo ndio uungwana. Nilipiga moyo konde.

Ilikuwa mchana, mwanawe ameteremka kufuata dawa. Ba alikuwa amelala kitanda cha hospitali kilichowekwa karibu na dirisha, tulsi ikiwa jirani na kichwa chake. Nikapiga magoti nikamweleza yote, chupa, sinki, sabuni, bomba. Alitazama dari.

"Lini?"

"Mwaka jana, Ba. Ile wiki ya kwanza jikoni."

"Ile wiki mimi nimesema ingia."

"Ndiyo."

Chini kule lori lilikuwa likirudi nyuma kwenye ghala, likipiga kengele yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mimi na wewe tu."

"Basi ungekaa nayo," akasema. Hakupandisha sauti. "Wewe umechoka kubeba, umeleta kwangu. Mimi naenda, Tanga. Mkono haina nguvu. Na wewe unanipa hii."

Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia nitakwenda hekaluni leo hii, huko hawakosi maji ya Ganga, nitaleta.

"Hekalu iko maji. Mzee yangu haiko ndani." Akafumba macho. "Kusamehe iko. Nimesamehe. Lakini maji haiko."

Mlango ukafunguka, mwanawe akaingia na mfuko wa dawa, akauliza mama ameshindaje. Ba akamjibu kwa Kigujarati, maneno mawili, na mimi nikaenda jikoni kuchemsha maziwa ambayo hakuna aliyeyahitaji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba zaidi ya mwaka alikuwa na mumewe nyuma ya taa, na ni mimi niliyemwondoa, nusu saa ile, nikiwa nimepiga magoti.

Siku nne baadaye nilikuwa kwenye zamu yangu ya mchana. Nesi alikuwa amekuja asubuhi na kusema ni suala la saa. Pumzi ya Ba ilikuwa ikienda na kukawia kurudi. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, alivua viatu, akanawa, akafungua kabati la juu kushoto na kutoa chupa nyuma ya taa. Akachuma jani moja la tulsi. Alifanya yote polepole, kama mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba siku moja itakuwa zamu yake. Akajaza kijiko, akaweka jani juu ya maji, akamwinua mama yake kichwa.

"Ba," akamwita.

Ba akafumbua macho. Akakitazama kijiko. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa upande wa miguuni, akafumba mdomo.

Maji yalimteremka kidevuni yakaingia kwenye sweta. Mwanawe akampangusa, akajaza tena, akajaribu tena, akimbembeleza kwa lugha yao. Midomo ilibaki imefungwa, na jani limemganda shavuni. Mara ya tatu akaweka kijiko chini. Alikuwa ameondoka Korogwe akiwa mtoto, na Kiswahili alikuwa akinitolea kidogo kidogo, siku za shida tu.

"Amesahau kumeza," akaniambia. "Nesi alisema itakuwa hivi."

Saa moja kabla ya hapo nilikuwa nimempa Ba chai, kijiko baada ya kijiko, akameza yote. Nikamwambia ndiyo, hutokea hivyo.